Cholmondeley: herufi 12, matamshi ya kufumba na kufumbua

Mtu akija kwenye chumba chetu cha nyaraka kutafuta habari za Lord Delamere, yule mlowezi wa Kenya, humwambia aanzie herufi C. Wengi hushangaa. Delamere ni cheo. Jina la ukoo wake lilikuwa Cholmondeley, na hapo ndipo mshangao wa pili unapoanza, kwa sababu halisomwi lilivyoandikwa. Wenyewe hutamka "Chamli", basi. Herufi 12, sauti tano.

Asili yake ni mahali. Cholmondeley ni kijiji cha kaunti ya Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, karibu na mji mdogo wa Malpas. Katika Kiingereza cha kale, Ceolmund ni jina la mwanamume na leah ni mahali palipofyekwa msituni, kwa hiyo tuseme "kwenye mfyeko wa Ceolmund". Leah hiyo hiyo ndiyo iliyojificha mwishoni mwa Ashley, Bradley na hata Stanley, ambalo maana yake ni mfyeko wenye mawe. (Mpelelezi Stanley tunayemjua huku hakuzaliwa nalo. Alizaliwa Wales akiitwa John Rowlands.)

Katika Domesday, daftari la ardhi lililoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya mfalme William, kijiji hicho kimeandikwa Calmundelei. Silabi zote zimo. Baadaye familia iliyomiliki ardhi hiyo ikaanza kuitwa kwa jina la ardhi, kwa mtindo wa Wanormani, watawala waliotoka Ufaransa pamoja na William, wa kutanguliza "de", yaani "wa". Kwa watu wa pwani jambo hili si geni: Mshirazi ana Shiraz yake, Mmbarawa ana Barawa yake.

Sasa, silabi zilikwenda wapi? Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kila irabu hupewa haki yake. Kiingereza huweka nguvu mwanzoni mwa majina kama haya, na kinachofuata hufifia. Kwanza ikamezwa "onde", likabaki Cholmley. Kisha "l" iliyo mbele ya "m" ikapotea. Mpenzi wa soka ameshakutana na jambo hili: timu inaandikwa Leicester, mtangazaji anasema "Lesta". Ulimi ulisonga mbele, hati za mashamba zikabaki na maandishi ya zamani, na wakubwa hawakuona sababu ya kuyapunguza. Kwa maoni yangu, walijivunia pia kwamba mgeni angekosea.

Si matawi yote yaliyong'ang'ania herufi 12. Sir Roger Cholmeley, aliyeanzisha shule ya Highgate mwaka 1565, aliandika kwa ufupi zaidi. Ndivyo ilivyo kwa Sir Hugh Cholmley wa Whitby, aliyesalimisha ngome ya Scarborough mwaka 1645 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wapo pia wanaoandika Chumley tu. Anayetafuta ukoo huu kwa tahajia moja atakosa nusu ya watu wake.

Mchoro mmoja ulioko Tate Britain, jumba la sanaa la London, hunirudisha kwenye jina hili kila mara. Ulichorwa mwanzoni mwa karne ya 17 na mchoraji asiyejulikana. Wanawake wawili wameketi kitandani bega kwa bega, nguo nyeupe, kola za lesi, kila mmoja na mtoto mchanga aliyefungwa kitambaa chekundu. Mtazamaji husema ni mapacha, hadi atazame macho, lesi na vito, aone kuwa havifanani. Maandishi ya pembeni yanasema ni mabibi wawili wa ukoo wa Cholmondeley waliozaliwa siku moja, wakaolewa siku moja, wakajifungua siku moja. Majina yao wenyewe hayakuandikwa.

Tawi lililofika Kenya lilitoka Vale Royal, Cheshire hiyo hiyo. Mwaka 1821 Thomas Cholmondeley alipewa cheo cha Baron Delamere, kutokana na eneo lenye msitu na maji. "De la mere" ni "wa maziwa", maziwa ya maji jamani, ingawa anayenunua mtindi wa Delamere njiani Naivasha ana haki ya kucheka. Hugh Cholmondeley, baron wa tatu, alizaliwa 1870 na kufariki 1931. Serikali ya kikoloni ilimkodisha ekari 100,000 Njoro. Barabara ya Nairobi iliyobeba cheo chake sasa ni Kenyatta Avenue.

Na huko Cheshire, kijiji kinachopakana na Cholmondeley kinaitwa Egerton. Jina hilo nalo liligeuka la ukoo, na mwaka 1939 Lord Egerton wa Tatton akaanzisha shule ya kilimo ambayo tangu 1987 ni Chuo Kikuu cha Egerton. Kiko Njoro.