Dozi ya ganzi kwenye upasuaji wa kujifungua inapangwaje?

Swali: Mbona mimi mwembamba na mwenzangu mnene tulichomwa dozi ile ile ya mgongoni?

Jibu: Kwa sababu dawa inaingia moja kwa moja kwenye maji yanayozunguka neva za mgongo, kwa hiyo uzito wa mwili hauna usemi mkubwa hapo. Inayotumika sana ni bupivakaini nzito ya asilimia 0.5, yaani dawa ya ganzi iliyo nzito kuliko maji hayo, wengi wanawekewa miligramu 10 mpaka 12 hivi, yaani mililita 2 na kidogo tu, mara nyingi na fentanili (dawa kali ya maumivu) kidogo juu yake. Mfupi sana anaweza kupunguziwa.

Swali: Kwa nini mjamzito anatosheka na dawa kidogo?

Jibu: Mimba ikikua inabana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, damu inajaa kwenye mishipa ya mgongoni, yale maji yanakosa nafasi, afu homoni nazo zinafanya neva zishike ganzi upesi.

Swali: Si wapunguze kabisa ili presha isishuke?

Jibu: Hapana jamani! Ukishuka chini ya miligramu 8 presha inatulia zaidi, ni kweli, ila hatari ya mama kuumia katikati ya upasuaji inapanda na ganzi inawahi kuisha. Presha ina tiba zake, kuna fenilefrini (dawa ya kupandisha presha), kuna dripu, kuna kumlaza ameegemea kushoto kidogo, lakini mama ambaye tumbo lake limeshafunguliwa na anaumia asiambiwe avumilie, aongezewe dawa au alazwe usingizi kabisa.

Swali: Watajuaje imeshika?

Jibu: Wanapima kwa kitu cha baridi au kwa kukugusa, kuanzia usawa wa chuchu kushuka chini. Kuhisi unavutwavutwa ni kawaida, ukihisi ukali sema hapo hapo.

Swali: Na ganzi ya kuchomwa tumboni penyewe?

Jibu: Hiyo ni dawa nyingine ya ganzi, lignokaini, na hapa sasa kilo zako zinahesabiwa: mwisho miligramu 4 kwa kila kilo, au 7 ikichanganywa na adrenalini, dawa inayobana mishipa ya damu. Mama wa kilo 60 bila adrenalini mwisho wake ni miligramu 240, sawa na mililita 48 za asilimia 0.5. Ikizidi masikio yanavuma, mdomo unakufa ganzi, unasikia ladha ya chuma, na degedege linaweza kufuata, kwa hiyo ukianza kuhisi hivyo usinyamaze hata kidogo, waambie.