Shetani hajulikani kwa pembe

Juzi kwenye matatu ya Rongai, mama mmoja alimwonyesha mwanawe picha iliyobandikwa dirishani: kiumbe chekundu, pembe mbili, mkia, uma mkononi. "Huyo ndiye shetani," akamwambia. Mtoto akafumba macho.

Nilihuzunika. Sura ile, uma na yote, ilienezwa na wachoraji wa Ulaya ya zama za kati. Ufunuo 12 unataja joka jekundu lenye vichwa saba na pembe kumi, kweli, lakini hiyo ni lugha ya maono. Paulo anasema wazi katika 2 Wakorintho 11:14 kwamba Shetani hujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru. Yaani anapendeza.

Na anajua Maandiko! Katika Mathayo 4 anamnukulia Yesu Zaburi ya 91 ili ajitupe kutoka kinara cha hekalu. Linganisha mwenyewe: zaburi inasema malaika "wakulinde katika njia zako zote". Maneno hayo ameyaruka. Uongo wake ulikuwa ukweli uliokatwa kipande, na Yesu alimjibu kwa andiko lingine, "Usimjaribu Bwana Mungu wako."

Wala Shetani si mungu wa pili. Katika Ayubu 1 hagusi kitu bila ruhusa.

Kwa hiyo ukipokea ujumbe wenye mstari mtamu, ukiambiwa utume "mbegu", yaani sadaka ya pesa, kwa simu kabla ya saa sita usiku upate muujiza, fungua Biblia kwenye sura ya mstari huo. Soma mistari iliyotangulia na inayofuata.