Bach hakuhitaji kwaya ya watu mia

Wengi wanaamini kuwa muziki wa kanisa wa Bach, mtunzi Mjerumani wa karne ya 18, lazima uimbwe na kwaya kubwa. Picha hiyo ilienea baada ya 1829, mtunzi Mendelssohn alipoongoza Pasio ya Mathayo, kazi ya Bach kuhusu mateso ya Yesu, jijini Berlin akiwa na waimbaji zaidi ya 150.

Leipzig, mji ambako Bach aliongoza muziki wa kanisa, ilikuwa nyingine. Agosti 1730 aliliandikia baraza la mji kwamba kila kwaya iwe na waimbaji 12 angalau, na wakifika 16 ni bora zaidi. Hata hao huenda hawakuimba wote kwa pamoja: karatasi za waimbaji za kantata (kazi zake za ibada za sauti na ala) zilizosalia kwa kawaida ni nakala moja kwa kila sauti, na humo humo zimo solo (sehemu za mwimbaji mmoja) na korasi (sehemu za wote). Kwa msingi huo mwanamuziki Mmarekani Joshua Rifkin alitoa hoja mwaka 1981: mtu mmoja kwa sauti. Ubishi haujaisha, ila ushahidi wa karatasi ni mzito.

Ukijaribu na waimbaji wanne, usiwaweke nyuma ya fidla za nyuzi za chuma, watamezwa. Wasimame mbele, fidla ziwe za nyuzi za utumbo, mbili au tatu kwa kila mstari, na noti ya A ya kulinganishia ala iwe 415 Hz, takriban nusu toni chini ya ya leo. Na wa solo wasinyamaze korasi ikianza. Hapo ndipo wengi hukosea.