“Ukihasiwa umekwisha” na maneno mengine ya kijiweni kuhusu matibabu ya tezi dume

Siku ya kliniki ya mkojo katika hospitali kubwa za Dodoma, benchi hujaa wazee kutoka Kondoa, Mpwapwa, Bahi, Chamwino, hata Manyoni. Kila mmoja ana bahasha yake ya kaki mapajani na anatazama mbele. Wengi wana saratani ileile na wanachomwa sindano ileile, lakini mazungumzo yatakuwa ya mvua na bei ya alizeti. Ugonjwa wenyewe huzungumzwa kijiweni, na wanaouzungumza ni watu wasio nao.

Hakuna saratani inayowapata wanaume wengi hapa nchini kuliko ya tezi dume, kwa hiyo maneno ya kijiweni hayana upungufu. Mengine ni ya kuchekesha tu. Hapa nachukua yale ambayo naona yanamfungia mgonjwa ndani: yanamfanya amfiche mkewe, awakwepe ndugu, aache dawa bila kumwambia mtu.

“Ukitolewa korodani, au ukichomwa sindano za homoni, wewe si mwanaume tena”

Hili ndilo lenye nguvu kuliko yote, na kwa kuwa lina chembe ya ukweli ndani yake, halijibiwi kwa kicheko.

Saratani ya tezi dume hustawi kwa testosteroni, homoni ambayo sehemu kubwa hutengenezwa kwenye korodani. Mwaka 1941 daktari Charles Huggins na mwenzake huko Chicago walionyesha kwamba ukiikata homoni hiyo, hata saratani iliyokwisha kusambaa hunywea. Mwaka 1966 Huggins akapewa Tuzo ya Nobel. Njia hiyo inatumika mpaka leo, kwa namna mbili kubwa. Moja ni upasuaji mdogo wa kutoa korodani, ambao unafanywa mara moja basi. Nyingine ni sindano, mara nyingi ya goserelini, inayochomwa chini ya ngozi ya tumbo kila mwezi au kila miezi mitatu. Kwa saratani yenyewe, matokeo yanafanana. Mzee wa kijijini ambaye kila safari ya mjini ni nauli, na ambaye akikosa sindano homoni inapanda tena, hana sababu ya kuuona upasuaji kama adhabu. Mwenye uwezo wa kuifuata sindano naye aifuate, mradi asiruke tarehe.

Sauti haibadiliki, maana koo la mtu mzima lilikwisha kukomaa zamani. Kinachopungua kweli ni hamu ya tendo la ndoa na nguvu za kiume, na kwa wengi hupungua sana. Misuli hulegea, kitambi huongezeka, mifupa hudhoofika polepole. Wapo wanaovimba matiti kidogo, na wapo wanaojikuta na huzuni au hasira wasiyoijua ilikotoka. Daktari anayemwambia mgonjwa “hakuna shida yoyote, baba” anamkosea, kwa sababu shida zikija mgonjwa atadhani ni zake peke yake.

Halafu kuna joto. Mwezi wa sita, Dodoma asubuhi watu wamejikunyata ndani ya masweta, mzee mmoja kanisani anajifuta jasho shingoni na kifuani, uso umemwiva, halafu dakika chache baadaye anasikia baridi. Jirani yake kwenye benchi anamwambia hiyo ni malaria. Akitoka hapo anapitia duka la dawa, ananunua dawa mseto bila kupima. Wiki ijayo inajirudia, ananunua tena. Ni homoni iliyoshuka, kama inavyowatokea wanawake wanapokoma hedhi. Shati la pamba, maji ya baridi karibu na kitanda, kupunguza pombe na chai ya moto sana husaidia baadhi ya watu, na vikizidi daktari anazo dawa za kuvipunguza. Malaria ipimwe kwanza, imezewe dawa ikionekana.

Kuhusu unyumba, hapa ndipo nyumba nyingi zinapoyumba kimyakimya. Mume haelezi, anahamia kulala sebuleni kwa kisingizio cha kuamka kukojoa usiku. Mke naye anafanya hesabu zake: huyu ana mwanamke mwingine. Nimesikia zaidi ya mama mmoja akisema afadhali angeambiwa ni ugonjwa tangu mwanzo. Baadhi ya wazee huona haya kuingia na mke chumba cha daktari, lakini ndiyo njia rahisi kuliko zote, kwa sababu daktari ndiye anayesema yale ambayo mume hawezi kuyatamka. Wanaochagua njia ya mkato hununua vumbi la Kongo, unga unaouzwa kama dawa ya nguvu za kiume. Hakuna ajuaye limechanganywa na nini, na kwa mtu mwenye presha au anayemeza dawa za moyo linaweza kuwa hatari. Tena kwa aliyepungukiwa homoni, kinachokosekana zaidi ni hamu, nayo haimo kwenye kifuko cha unga.

“Aliyepigwa mionzi asipakate mtoto”

Mashine ya mionzi ikizimwa, mionzi imeisha. Hakibaki kitu mwilini kinachoweza kumdhuru mjukuu, mke, wala mtu wa kulala naye chumba kimoja. Zipo mbegu za mionzi zinazopandikizwa ndani ya tezi yenyewe, hizo ni habari nyingine, na anayewekewa hupewa maelekezo yake. Mionzi ya mashine ya nje, ambayo ndiyo wengi hupata, haina sharti hilo.

Nalitaja kwa sababu linaumiza mahali pabaya. Wagonjwa wengi wa kanda ya kati wamekuwa wakipelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, na matibabu yenyewe ni siku tano kwa wiki, kwa wiki kama nne mpaka nane kutegemea mpango. Treni ya SGR, tangu ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, imefupisha safari ya Dar, lakini haijampa mtu pa kulala mwezi mzima. Analala kwa mpwa, kwa binti wa kaka, kwa jirani wa zamani aliyehamia Gongo la Mboto. Huko akikuta sahani yake imetengwa na watoto wameambiwa wasimsogelee babu, siku ya tatu anadai amekumbuka shughuli nyumbani. Mionzi inakatishwa katikati, na matibabu ya nusu hayana nguvu iliyokusudiwa.

Kwa hiyo anayempokea mgonjwa ajue mambo mawili matatu. Atachoka, na uchovu utaongezeka kadiri wiki zinavyokwenda. Atakojoa mara kwa mara, huenda akaharisha. Kumpa chumba kilicho karibu na choo ni msaada mkubwa kuliko kumchinjia kuku.

“PSA imeshuka, nimepona, sindano ya nini tena?”

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume na kupimwa kwenye damu. Kwa anayetumia dawa za homoni, kushuka kwake ni habari njema, maana yake dawa inafanya kazi. Ukiiacha kwa uamuzi wako, saratani iliyokuwa imetulia inapata chakula chake tena. Wapo wagonjwa ambao daktari huwapumzisha sindano kwa mpango na kuwafuatilia kwa vipimo, lakini hilo hupangwa kwenye faili, halipangwi nyumbani.

Hapa pia ndipo wagonjwa wenyewe wanapotishana. “Mimi yangu ni 0.1, wewe 1.8? Pole sana kaka.” Kumbe wa kwanza alitolewa tezi yote kwa upasuaji, na kwake namba inatakiwa iwe karibu na sifuri. Wa pili alipigwa mionzi, tezi yake bado ipo, na namba yake inaweza kuchukua mwaka na zaidi kufika chini kabisa, tena ikapanda kidogo katikati na kushuka yenyewe. Kulinganisha namba bila kulinganisha matibabu ni kutafutana presha bure.

Mengine, kwa ufupi

“Mgongo ni uzee.” Kwa mwenye saratani ya tezi dume, maumivu mapya ya mgongo yasiyoisha yachunguzwe. Yakiambatana na miguu kulegea au kufa ganzi, au kushindwa ghafla kuzuia mkojo na choo, huenda uti wa mgongo unabanwa. Aende hospitali siku hiyohiyo, asisubiri tarehe ya kliniki. Saa chache zinaweza kuamua kama atatembea tena.

“Mofini ni dawa ya kufia.” Ni dawa ya maumivu makali, na wapo wanaoitumia kwa muda mrefu huku wanalima bustani. Mara nyingi hufunga choo, kwa hiyo aombe na dawa ya kulainisha.

“Usile hiki, kunywa kile.” Hakuna chakula kinachoponya saratani hii, si mbegu za maboga, si mlonge, si juisi ya zabibu zetu. Hakuna haja ya kuacha ugali wa uwele na mlenda wa karanga pia. Cha maana kwa anayetumia dawa za kushusha homoni ni mifupa na misuli: maziwa, dagaa, kutembea kila siku, kuinuka na kuketi kwenye kiti mara kadhaa bila kushika kitu. Mazoezi ndiyo yanayopunguza uchovu, ingawa mgonjwa huhisi afadhali alale. Mitishamba, daktari aambiwe, hasa mgonjwa akiwa anameza abirateroni, dawa ya kuzuia homoni inayotaka ini liangaliwe. Na hiyo abirateroni humezwa tumbo likiwa tupu, kwa hiyo mama anayemlazimisha mzee ashibe kwanza ndipo ameze, kwa upendo wake wote, anaivuruga dawa.

“Ni ya kuambukiza.” Hapana. Ila ina tabia ya kufuata ukoo, kwa hiyo wanaume ambao baba au kaka yao aliugua wazungumze na daktari kuhusu kupima mapema, wakiwa na miaka 40 hadi 45. Kipimo cha kidole ambacho kijiwe hakiishi kukitania, daktari anapoipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, huchukua chini ya dakika moja, na siku hizi mara nyingi huanza cha damu.

“Kikundi cha wagonjwa ni cha kuliana”

Wanaosema hivi hawajawahi kukaa nacho. Wanaume wenye ugonjwa huu wakizoeana hawalii, wanapeana habari. Mfuko wa mpira wa mkojo unafungwa wapi mguuni ili usionekane chini ya suruali. Pampasi za watu wazima zinapatikana duka gani kwa bei ya chini. Basi gani dereva wake hakasiriki ukimwomba asimame uchimbe dawa. Aliyefanyiwa upasuaji mwaka jana anamwambia wa mwezi jana kwamba mkojo kuvuja ukicheka au ukikohoa hupungua kwa wengi kadiri miezi inavyopita, na kwamba zoezi la kubana misuli kama mtu anayezuia mkojo ni la kila siku, unaweza kulifanya hata ukiwa kwenye daladala. Daktari alishayasema haya yote, lakini aliyasema siku ambayo mgonjwa alikuwa anasikia neno “saratani” tu.

Mara nyingi huanza kwa swali moja dogo.

“Shikamoo mzee wangu.”

“Marahaba, baba.”

“Samahani, na wewe unachomwa ile ya tumboni?”

“Ile yenye sindano nene? Ndiyo. Huu mwaka wa pili. Wewe wa ngapi?”

“Ndiyo naanza leo.”

“Sogea huku basi. Haiumi kama inavyoonekana. Ila usiku utatoka jasho, usije ukadhani unakufa.”

Anayehofia kwamba akisema atadharauliwa akumbuke kwamba Jakaya Kikwete alifanyiwa upasuaji wa tezi dume Novemba 2014 katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, akiwa Rais aliye madarakani. Ikulu ilitangaza, naye aliporudi akazungumza hadharani. Urais wake aliumaliza mwaka uliofuata kama kawaida. Askofu Desmond Tutu wa Afrika Kusini aligundulika mwaka 1997, akaendelea kuhubiri na kucheza madhabahuni kwa miaka mingi, akaishi mpaka 2021, alipofariki akiwa na miaka 90.

Kikundi si lazima kiwe na katiba na mhuri. Watu wanne wenye namba za simu za wenzao wanatosha, na kama wapo wenye simu janja, kundi la wasapu. Wanaojua kucheza bao wacheze bao, maana wanaume wengi husema mambo mazito macho yakiwa kwenye kitu kingine. Kuna sharti moja ningeliweka: anayetaka kuuza dawa ya kuponya ndani ya wiki mbili atolewe mapema, na huwa hakosekani. Wake nao wapate wenzao wa kuzungumza nao pembeni, kwani mauguzi ya nyumbani yako mikononi mwao na ni nadra mtu kuwauliza wamelalaje.

Suala la fedha nalo hutatuliwa vizuri zaidi na aliyekwisha kulipitia. Atakwambia bima yako inalipia nini na hailipii nini, na kwamba hospitali ya rufaa ina ofisi ya ustawi wa jamii ambapo asiye na uwezo husikilizwa. Uende ukiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, uende kabla deni halijawa kubwa.

Kwa anayetoka mbali na hajui aanzie wapi, amwombe muuguzi wa kliniki ampangie tarehe moja na mgonjwa mwingine wa njia hiyohiyo, wa Kongwa na wa Mpwapwa, wa Bahi na wa Manyoni. Muuguzi hawezi kutoa namba ya mtu bila ruhusa yake, lakini tarehe anaweza kuzipanga, na stendi mtakutana.