Mbunifu Si Mtu wa Ajabu: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Tabia za Watu Wabunifu

Jijini Mwanza na katika visiwa vya Ziwa Viktoria, mtu aliyebuni jambo jipya mara nyingi husifiwa kwa maneno yanayomtenga na wenzake: husemwa kuwa amezaliwa na kipaji, ana mizimu ya ukoo, au ametumia dawa. Sifa hizo zina heshima ndani yake, lakini hutuzuia kuziona tabia zinazomwezesha kubuni, na kijana asiyeonekana wa ajabu huachwa bila kutazamwa. Tabia hizo zimechunguzwa kwa bidii tangu mwaka 1950, pale J. P. Guilford alipowahimiza wanasaikolojia wenzake wa Marekani waache kulipuuza suala la ubunifu.

Dhana: Mbunifu ni mtu asiye na nidhamu

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa sababu huwafanya vijana wenye mawazo mazuri waamini kwamba uvivu ni sehemu ya kipaji chao. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, aliyechapisha mwaka 1996 matokeo ya mahojiano na watu 91 waliotambuliwa kwa ubunifu wao, aliona kwamba tabia za watu hao huja kwa jozi zinazopingana: wanapenda kuyachezea mawazo, na papo hapo ni wavumilivu wa kazi ngumu, wana nguvu nyingi, lakini hawaoni haya kupumzika. Ni kweli kwamba tafiti zimeonyesha wasanii, kwa wastani, kuwa hawapendi kufuata kanuni walizopangiwa na wengine. Hata hivyo, kukataa kanuni za wengine si sawa na kukosa nidhamu katika kazi ambayo mtu ameichagua mwenyewe.

Mfano bora umo ziwani humu. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1896, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu iliyokusudiwa kuhifadhi desturi za watu wake. Miaka ilipita bila kupata mchapishaji, naye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1980, na mwandishi akafariki mwaka 1981. Hamu ya kujua, iliyomfanya azitazame ndoa, magonjwa, kilimo na mazungumzo ya kila siku kama mambo yanayostahili kuandikwa, ndiyo iliyompa malighafi; lakini bila uvumilivu wa miaka 35, sisi tusingepata hata ukurasa mmoja wa kusoma.

Dhana: Ubunifu na wazimu ni ndugu

Utafiti mkubwa wa Sweden uliochapishwa mwaka 2013, uliotumia kumbukumbu za wagonjwa wa akili takribani milioni 1.2 pamoja na jamaa zao, haukuona kwamba wanasayansi na wasanii kwa jumla wanaugua zaidi ya watu wengine, isipokuwa kwa ugonjwa wa bipola, ambao humpandisha na kumshusha mtu hisia kupita kiasi. Waandishi walikuwa kundi la pekee, kwani wao walionekana kuwa katika hatari ya magonjwa kadhaa zaidi, na jambo hilo lisifichwe. Ajabu ni kwamba ndugu wa karibu wa watu wenye bipola au skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo), ambao wenyewe ni wazima, walipatikana kwa wingi katika kazi za ubunifu.

Maelezo mojawapo yanatokana na utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard na kuchapishwa mwaka 2003. Kwa kawaida ubongo huacha kukitilia maanani kitu ambacho umekwisha kukiona kuwa hakina maana. Kwa wanafunzi waliokuwa na mafanikio makubwa ya ubunifu, mchujo huo ulikuwa hafifu, hivyo mambo mengi zaidi yaliingia akilini na kuweza kuunganishwa kwa namna mpya. Mchujo hafifu huonekana pia kwa watu walio katika hatari ya kuugua akili, lakini wanafunzi hao walikuwa na akili yenye uwezo mkubwa wa kuyapanga yale yaliyoingia. Kwa maoni yangu, mzazi anayemwambia mtoto mdadisi kwamba atakuwa mwehu anamtisha bila sababu.

Dhana kwamba wabunifu hutumia upande wa kulia wa ubongo haihitaji maneno mengi. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichunguza picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000 na hawakuona watu wanaotumia zaidi upande mzima wa kulia wala wa kushoto.

Dhana: Mbunifu hujitenga na watu

Wasukuma wana ushahidi wa kinyume chake. Katika mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma, yanayoonekana hata leo kwenye sikukuu ya Bulabo huko Bujora, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na ushindi ni wa upande unaowavuta watazamaji wengi. Dawa imekuwa sehemu ya utamaduni huo, lakini anayetazama kwa makini huona pia mtunzi anayejua kwamba wimbo wa mwaka jana hautamvuta mtu. Hutunga akiwa kimya, kisha huupeleka wimbo mbele ya umati usiomwonea huruma. Csikszentmihalyi aliiona jozi hiyohiyo: wabunifu huhitaji upweke na huhitaji watu, kila kimoja kwa wakati wake.

Dhana: Zawadi kubwa huzaa ubunifu mkubwa

Mwanasaikolojia Teresa Amabile, katika utafiti wa mwaka 1985, aliwapa waandishi 72 kazi ya kutunga mashairi mafupi. Kabla ya shairi la pili, baadhi yao walitakiwa kupanga kwa umuhimu sababu za nje za kuandika, kama vile fedha na umaarufu, na mashairi yao yaliyofuata yalipewa alama za chini na majaji. Hawakuwa wamenyang'anywa kipaji chochote. Kwa dakika chache tu mawazo yao yalikuwa yamehamishwa kutoka kwenye shairi kwenda kwenye malipo.