Gesi ya Friji ya Chanjo Huchaguliwa Siku ya Kununua, Si Siku ya Kutengeneza

Kila friji ya chanjo ina bamba dogo la taarifa, aghalabu nyuma yake au karibu na kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi. Bamba hilo hutaja volti, ujazo, aina ya gesi na uzito wa gesi hiyo kwa gramu. Wengi wanaoagiza friji za zahanati huuliza bei, ukubwa na kama inatumia umeme wa jua, wakaishia hapo. Sisi wa vifaa tiba tunawaomba wasome na ule mstari wa gesi kabla hawajasaini, kwa sababu friji ikishafika kituoni uamuzi huo haubadilishiki kwa usalama.

Gesi ndiyo inayozunguka kwenye mirija, ikinyonya joto ndani ya friji na kwenda kulitoa nje, ili chanjo zibaki kati ya nyuzi joto 2 na 8 usiku na mchana. Friji za zamani zilitumia R12, ambayo hula tabaka la ozoni. Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 iliipiga marufuku hatua kwa hatua, na nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka 2010 kuachana nayo. Ikaja R134a. Hii haidhuru ozoni, ila kilo moja ikivuja hupasha joto dunia sawa na takriban kilo 1,430 za hewa ya ukaa. Ndiyo maana Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kupunguza gesi za ukoo huo.

Ushauri wetu kwa anayenunua leo ni mmoja: chukua friji iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya chanjo, na kati ya hizo chagua inayotumia R600a, yaani isobutani, au R290, yaani propani. Athari yake kwa hali ya hewa ni ndogo mno ikilinganishwa na R134a, na ozoni haiguswi kabisa. Si teknolojia ya kubahatisha. Mradi wa SolarChill, ulioanzishwa na wadau wakiwemo UNICEF, Shirika la Afya Duniani na Greenpeace, ulitengeneza friji za chanjo za umeme wa jua zisizo na betri, zinazotunza ubaridi kwenye barafu na kutumia gesi hizi. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizozifanyia majaribio.

Swali tunaloulizwa kila tunapotoa elimu hii ni lile lile: si gesi inayowaka hiyo? Ndiyo, inawaka, na wanaouliza wana haki ya kupata jibu kamili. Isobutani huanza kuweza kushika moto ikifikia takriban asilimia 1.8 ya hewa. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari ya mita 2.5. Ili hewa yote ya chumba hicho ifikie kiwango hicho, ingehitajika karibu kilo nzima ya gesi. Friji ya chanjo kwa kawaida hubeba makumi ya gramu tu. Hata hivyo gesi hii ni nzito kuliko hewa, hushuka na kutuama sakafuni. Kwa hiyo friji isiwekwe kwenye stoo finyu isiyopitisha hewa, wala jirani na jiko la gesi, kibatari au kitu chochote chenye mwali.

Hatari ya kweli iko kwingine. Gesi ikivujia ndani ya friji yenye nafasi ya lita 100, gramu tano tu zinatosha kuufanya ujazo huo uweze kulipuka. Mtengenezaji wa friji ya R600a analijua hilo, na swichi, taa na kidhibiti joto anavisanifu visitoe cheche mahali gesi inapoweza kufika. Friji ya R134a haina kinga hiyo. Fundi anayekuambia, “Mheshimiwa mganga, R134a imepanda bei, nikuwekee R600a, ni ya bei nafuu,” anakuachia bomu mlangoni pa chumba cha chanjo. Mkatalie. Mwingine atataka kujaza gesi ya kupikia. Hiyo ni mchanganyiko usio na kipimo kimoja, unaweza kuwa na unyevu, na ubaridi wake hautabiriki. Friji ikizidisha baridi, chanjo ya Penta (ya watoto, ya magonjwa matano), ya pepopunda na ya HPV (ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi) zikiganda zimeharibika, na kwa macho hutajua mara moja.

Hata gesi sahihi inataka mkono sahihi. R600a huchemka kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri kwenye mgandamizo wa kawaida, hivyo friji inapofanya kazi upande wa baridi mara nyingi huwa chini ya mgandamizo wa hewa. Pakitoboka huko, hewa na unyevu huvutwa kuingia ndani. Kujaza kwa kukisia au kwa kutegemea geji pekee hakufai: mfumo unyonywe hadi uwe mtupu, kisha gesi ipimwe kwa mizani ya gramu kama bamba linavyosema.

Kwa vituo ambavyo bado vina friji nzima ya R134a, iendelee kutumika, ila gesi ya kuongezea inunuliwe kwa muuzaji anayeaminika. Mwaka 2011 makontena ya ubaridi yalilipuka na kuua mafundi, Vietnam na Brazil, baada ya kujazwa R134a bandia iliyochanganywa na kloridi ya methili, kemikali inayomenyana na alumini ya kompresa.

Friji ya R12 iliyobaki stoo isikatwe mirija ili kuuza shaba. Mpigie mratibu wa chanjo wa wilaya au fundi vifaa tiba wa halmashauri aje na mtungi wa kuvunia gesi, na hadi afike, andika kwenye mlango kwa kalamu nene: GESI IMO, USIKATE.