Kuombea wengine si kazi ya mchungaji peke yake

Hapa Malindi, mtu akiugua, ndugu zake humwita mchungaji au padri amwombee, nao wenyewe hukaa kando. Dhana hii ni ya siku nyingi: kwamba maombi ya muumini wa kawaida hayana uzito. Maandiko hayasemi hivyo.

Paulo, mtume mzima, aliwaandikia Wakristo wa Thesalonike: "Ndugu, tuombeeni." Hao walikuwa waongofu wapya, na bado aliwategemea. Warumi nao aliwasihi vivyo hivyo (Warumi 15:30).

Ni kweli Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, na ni vema kuwaita. Shida ni kwamba wengi wetu huishia hapo. Mstari wa 16 unawataka waumini wote waombeane, na unaofuata unamtaja Eliya, nabii mkubwa yule, kuwa mwanadamu mwenye tabia moja na sisi.

Basi mama anayeuza samaki sokoni ana haki kamili ya kumwombea jirani yake, hata jirani Mwislamu, maana 1 Timotheo 2:1 inataja watu wote. Ataje jina lake na haja yake. Mchungaji akifika, ataungana naye.